Kutafuta Kosa

Mtambo hausemi uongo, lakini pia hausemi upesi. Ukiuliza kwa haraka hukaa kimya au hutoa mlio usio na maana, na ukiuliza kwa utaratibu hujibu swali moja baada ya jingine mpaka jambo lote likawa wazi. Nimeishi miaka mingi kwa ufundi wa umeme. Katika miaka hiyo nimeona fedha nyingi zikipotea, na mara nyingine heshima za watu zikipotea pamoja nazo, kwa kuwa hukumu ilitangulia na maswali yakafuata nyuma. Katika insha hii nitaeleza habari za trekta dogo la bustani lililokataa kuwaka. Yamkini jambo hilo litaonekana dogo kwa mwanafunzi ambaye hajapata kushika spana. Walakini juu ya trekta hilo iliwekwa riziki ya kijana mmoja pamoja na jina lake jema, na vitu viwili hivyo ni vikubwa kwa mtu yeyote.

Shangazi yangu ana kitalu cha miche karibu na Limuru, katika nchi ya chai iliyoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko ukungu hushuka alfajiri, na mwezi wa Julai baridi hukaa ardhini hata jua likiwa limepanda. Hukuza miche ya miti ya asili, ya matunda na ya maua, akaiuza kwa wenye mashamba wakati wa mvua. Trekta lake lilitengenezwa katika miaka ya 1970. Lina silinda moja, hutumia petroli, na chini ya tumbo lake vimefungwa visu vya kukatia nyasi. Nyuma huvuta tela ndogo ya udongo, mbolea na miche. Mwenye shamba la mamia ya ekari angelicheka, lakini katika vijia vyembamba vya kitalu ndilo lililobeba kazi ambayo vinginevyo ingevunja migongo ya watu wanne. Aliyeliendesha alikuwa kijana wa miaka 19. Alililisha petroli, alibadili mafuta yake kwa wakati, na kila Jumamosi jioni alilipangusa kama mtu apangusavyo farasi.

Mwaka 2016, mwezi huo wa Julai, trekta lilianza kusita. Ufunguo ulipozungushwa ulisikika mlio mmoja mkavu, ta!, kisha kimya. Asubuhi nyingine injini ilizunguka nusu duara, polepole, mfano wa mzee apandaye mlima na mzigo kichwani, ikasimama. Taa zake ziliwaka vizuri, na jambo hilo liliwachanganya watu zaidi, kwa kuwa umeme ulionekana upo na haupo. Mwezi mmoja kabla ya hapo shangazi alikuwa amenunua betri mpya kwa fedha nyingi. Akaitwa fundi wa mjini. Fundi huyo alisikiliza mlio, akatazama betri iliyofunikwa vumbi na unga wa mbolea, na bila kutoa chombo chochote cha kupimia akasema, “Mama, betri hii si ya mwezi mmoja. Umebadilishiwa. Na stata nayo imekufa.”

Neno hilo lilianguka mahali pabaya. Ufunguo wa banda la trekta ulikaa kwa kijana peke yake. Shangazi ni mtu wa haki, lakini mtu wa haki akidhani ameibiwa hukasirika mara mbili: hukasirikia mali iliyopotea na hukasirikia imani iliyovunjwa. Akamwita kijana mbele ya wafanyakazi wote, akamwambia kwamba bei ya betri itakatwa katika mshahara wake, na kwamba mwisho wa mwezi atafute kazi mahali pengine. Kijana alisema mara moja tu kwamba hakuibadili, akanyamaza. Siku ya pili yake nikapelekewa habari niende nikafunge stata mpya.

Nilipofika nilimwomba shangazi ruhusa ya kupima kwanza.

“Kupima nini tena?” akauliza. “Mwizi amekwisha kujulikana.”

“Shangazi,” nikamjibu, “nipe saa mbili. Zikipita sijapata kitu, nitaifunga stata nawe ufanye utakavyo.”

Akanikubalia, kwa sura ya mtu ampaye mtoto ruhusa ya kucheza kidogo kabla ya kulala. Nikamwomba kijana aje azungushe ufunguo wakati mimi nikishika mita. Alikataa. “Fundi,” akasema, “nikiligusa tena watasema nimeharibu kingine.” Nilimwahidi kwamba kila atakachogusa atakigusa nikiwa nimesimama karibu naye, na kwamba kila hesabu tutakayoipata itaandikwa kwa mkono wake mwenyewe katika daftari. Ndipo akaja.

Hapa yafaa nimweleze msomaji njia ambayo umeme huipita injini inapowashwa, maana asiyejua njia hawezi kujua mahali ilipokatika. Zamani injini ilizungushwa kwa mkono, kwa chuma kilichopindwa, na mara kwa mara chuma hicho kilirudi nyuma kwa nguvu kikamvunja mtu kifundo cha mkono. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alikuwa amekwisha kuunda betri ya risasi na asidi, iwezayo kutiwa umeme tena baada ya kwisha. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeunganisha betri na mota ndogo iwezayo kuizungusha injini, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakatoka kiwandani na stata yake. Hata trekta dogo la bustani hurithi kazi ya watu hao.

Njia zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni nyembamba: umeme kidogo hutoka katika betri, hupita fyuzi, hupita swichi ya ufunguo, kisha hupita swichi za usalama zilizo chini ya kiti, kwenye pedali na kwenye visu, na mwisho hufika katika solenoidi. Solenoidi ni mlinzi wa lango. Ikipata umeme huo mdogo, sumaku yake huvuta kipande cha chuma, na lango la njia ya pili hufunguka. Njia ya pili ni pana: umeme mwingi, aghalabu ampea 100 au zaidi kwa injini ya namna hii, hutoka katika betri kwa waya mnene, hupita lango la solenoidi na kuingia katika stata. Wala safari haiishii hapo. Umeme huo hauna budi kurudi katika betri, na hurudi kwa kupita mwili wa injini, fremu ya trekta, na waya wa pili uliofungwa baina ya fremu na nguzo hasi ya betri. Waya huo huitwa waya wa ardhi. Watu wengi huikumbuka njia ya kwenda na kuisahau njia ya kurudi, kama msafiri ahesabuye nauli ya kwendea sokoni peke yake.

Tulianza kwa usalama, na kila kijana atakayefanya kazi hii na aanze hivyo. Tulivua saa na pete, kwa sababu chuma kikigusa nguzo mbili za betri kwa pamoja huungua kikaunguza na mkono. Tuliweka gia huru na kukaza breki. Tulichomoa waya wa plagi tukauegesha kwenye chuma cha injini, ili injini izunguke bila kuwaka, mkono wa mtu usije ukakutwa na visu. Hatukuwasha moto wala sigara karibu, maana betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja yatosha kuipasua.

Kisha tukaiuliza betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.0 imebakiwa na sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Yetu ilionyesha 12.6. Kijana akaandika. Lakini nguvu za mtu hazijulikani akiwa amelala, na betri ni vivyo hivyo. Nikamwambia azungushe ufunguo huku mita ikiwa imegusa nguzo za betri zenyewe. Betri dhaifu ingeanguka chini ya volti 9.6 hivi wakati wa kuisukuma injini. Yetu ilishuka mpaka 11.8 tu, ikasimama hapo, na injini ikaguna bila kuzunguka. Jibu hilo lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza, betri ilikuwa nzima. Ya pili, haikuwa ikitumwa kazi yake yote: mahali fulani mbele yake palikuwa na kizuizi.

Betri nzima, hata hivyo, si ushahidi kwamba ni ileile iliyonunuliwa, na jina la kijana lilihitaji ushahidi kamili. Nikamwomba shangazi alete kadi ya dhamana aliyopewa dukani. Tukaifunga mifuniko ya betri barabara, tukaiosha kwa maji yenye magadi kidogo, ambayo huzima ukali wa asidi, tukaondoa tope la vumbi na mbolea lililoganda ubavuni. Namba ikajitokeza. Ilikuwa ileile iliyoandikwa katika kadi, tarakimu kwa tarakimu. Shangazi aliisoma mara mbili kwa miwani yake, akaondoka pasipo neno, akaenda akasimama mlangoni pa banda akitazama ukungu. Kijana hakumtazama. Aliandika ile namba katika daftari.

Shitaka la wizi lilikuwa limekufa, lakini trekta lilikuwa bado halijawaka, na stata ilikuwa bado imelaumiwa. Tukaendelea. Njia nyembamba haikuhitaji maswali mengi, maana ule mlio mkavu ulikuwa shahidi wake: solenoidi haiwezi kulia ikiwa fyuzi imekatika, au ufunguo haupitishi, au swichi ya usalama imekatika. Kama pangekuwa kimya, tungeifuata njia hiyo hatua kwa hatua kwa taa ya kupimia. Na katika kufanya hivyo tusingekubali kamwe kuziruka swichi za usalama kwa kuunganisha waya, kama wafanyavyo wenye haraka. Swichi ya kiti imewekwa ili mtu akianguka, injini izimike kabla visu havijamfikia. Anayeiondoa hununua wepesi wa asubuhi moja kwa mguu wa mtu.

Ikabaki njia pana. Wakati kijana akizungusha ufunguo, nilipima volti zilizoifikia stata yenyewe, kutoka nguzo yake mpaka mwili wake. Zilikuwa 6.1 tu. Betri ilitoa 11.8, stata ikapokea 6.1. Basi volti 5.7 zilipotelea njiani, na kazi yetu ikawa kama kazi ya mtunza hesabu anayetafuta fedha zilizopungua sandukuni. Nilipima njia ya kwenda, kutoka nguzo chanya ya betri mpaka nguzo ya stata: 0.3. Huo ni upungufu wa kawaida. Nikapima njia ya kurudi, kutoka mwili wa stata mpaka nguzo hasi ya betri: 5.4. Waya mzuri wa ardhi hauzidi nusu ya volti. Nikamwambia kijana ajumlishe. Akaandika 6.1, akaandika 0.3, akaandika 5.4, akapiga mstari, akapata 11.8. Akainua uso. “Hesabu imetimia,” akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza asilolazimishwa tangu nilipofika.

Msomaji atauliza: ikiwa njia ya kurudi ilikuwa mbovu kiasi hicho, mbona taa ziliwaka vizuri? Swali hilo ndilo moyo wa insha hii. Mjerumani Georg Ohm alitangaza mwaka 1827 kanuni inayobeba jina lake: volti zinazopotea katika kizuizi ni sawa na ampea zinazopita mara omu za kizuizi hicho. Tuchukue kizuizi kidogo sana, cha omu 0.05. Taa yenye kutumia nusu ampea ikipitisha umeme wake hapo, itapoteza volti 0.025, na hakuna jicho liwezalo kuona upungufu huo. Stata yenye kudai ampea 100 ikipita pale pale, itapoteza volti 5, na injini haitazunguka. Kizuizi ni kilekile, mahali ni palepale. Kilichobadilika ni ukubwa wa mzigo.

Wahenga wetu hawakuwa na mita, lakini waliyajua mambo haya waliposema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kiungo kibovu ni mfano wa rafiki wa wakati wa raha. Ukimwomba kiberiti atakupa, ukimwomba maji ya kunywa atakupa, nawe utaapa kwamba hakuna mtu mwema kama yeye. Siku utakapomwendea kwa jambo zito ndipo utakapomjua. Kwa hiyo fundi akipima waya usiobeba mzigo amepima salamu, hajapima urafiki. Ndiyo sababu kila kipimo chetu cha maana kilichukuliwa ufunguo ukiwa umezungushwa na stata ikiwa inadai haki yake.

Tuliigawa njia ya kurudi katika vipande. Kutoka nguzo ya betri mpaka mwisho wa waya wa ardhi: 0.1. Kutoka mwisho wa waya huo mpaka chuma cha fremu, umbali usiofika upana wa kidole: 5.2. Kutoka fremu mpaka mwili wa stata: 0.1. Kosa lilikuwa limepatikana, nalo lilikuwa chini ya bolti moja. Nilimwambia kijana akiguse kiungo kile kwa ncha ya kidole. Akakirudisha upesi. “Fundi, kina moto!” Hilo nalo ni sawa na hesabu. Volti 5 zikipotea mahali ampea 100 zinapopita, hugeuka kuwa joto la wati 500, yaani nusu ya joto la pasi ya wati 1,000. Nguvu iliyokuwa ya kuzungusha injini ilikuwa ikipasha moto bolti.

Tukafungua waya wa ardhi katika nguzo ya betri, kwa kuwa huo ndio wa kwanza kufunguliwa na wa mwisho kurudishwa. Kisha tukaifungua bolti. Chini ya kichwa cha waya tulikuta rangi ya kijani, safi, inang'aa, haijakwaruzwa. Shangazi alikuwa amerudi na kuinama pamoja nasi. Alipoiona rangi ile alijishika shavu. Mwaka 2013 yeye mwenyewe aliagiza trekta lipakwe rangi lipate kupendeza mbele ya wanunuzi, na mpaka rangi aliipaka fremu yote, kisha akarudisha waya juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kwa miaka mitatu umeme wote wa stata ulikuwa ukirudi kwa meno ya bolti peke yake, na meno hayo, kwa unyevu wa ukungu na chumvi za mbolea, yaliliwa na kutu kidogo kidogo mpaka yakashindwa. Aliyelipendezesha trekta ndiye aliyelifunga pingu, bila yeye kujua wala kukusudia. Kijana, ambaye aliajiriwa mwaka 2015, hakuwa hata amefika shambani siku kosa hilo lilipopandwa.

Matengenezo yalikuwa mafupi. Kwa msasa na brashi ya waya tuling'arisha chuma cha fremu na kichwa cha waya mpaka vikawa vyeupe. Tukatia bolti mpya na washa yake, tukakaza, kisha tukapaka grisi kidogo juu yake kuzuia unyevu. Gharama yote haikufika bei ya kuku mmoja. Tulipopima tena, njia ya kurudi ilipoteza 0.2 tu, ya kwenda 0.3, na stata ikapokea 10.1. Betri ilishuka mpaka 10.6, chini kuliko mara ya kwanza, na kijana akashangaa kwa nini kitu kizima kishuke zaidi. Nikamweleza kwamba sasa ndipo inapofanya kazi. Mtu asiyebeba kitu hatoki jasho. Tukarudisha waya wa plagi. Kijana akakaa kitini, akakanyaga pedali, akazungusha ufunguo, na trekta likawaka mara ya kwanza. Injini ilipokwenda, volti za betri zilipanda mpaka 14.2, ishara ya kwamba inatiwa umeme kama ipasavyo.

Kwa fundi mwenye haraka habari ingeishia hapo. Lakini palibaki tengenezo moja lisilotaka spana. Shangazi alimwambia kijana, kwa sauti ya chini, “Mwanangu, mshahara wako hautakatwa, na kazi yako ipo. Tuyasahau haya.” Kijana alizima injini, akashuka, akavua kofia. Akajibu kwa adabu, “Asante, Mama. Lakini mimi nililaumiwa mbele ya watu. Naomba nisafishwe mbele ya watu.”

Palikuwa na kimya kirefu. Si desturi ya mtu mzima kudaiwa namna hiyo na kijana, na wako wazee ambao wangeona neno lile ni utovu wa heshima. Shangazi hakuliona hivyo. Aliita wafanyakazi wote, waliotoka katika vitanda vya miche na mikono yao yenye udongo, akasimama mahali palepale aliposimama siku mbili kabla. Akawaambia kwamba betri ilikuwa ileile, kwamba kosa lilikuwa la rangi aliyoiagiza yeye, na kwamba alimwita mwizi mtu asiyeiba. Hakuongeza udhuru. Alipokwisha, alimwomba kijana asome mbele yao hesabu zilizokuwa katika daftari, naye akazisoma zote, volti kwa volti, kama mtu asomaye hukumu ya korti iliyomwachilia.

Wewe usomaye insha hii katika darasa lako, huenda usipate kulitengeneza trekta maishani mwako. Lakini utasimamia watu, au utasimamiwa. Utapotelewa na kitu, na mtu atakuja kukutajia jina la mkosaji kabla hujamaliza kueleza kilichopotea. Siku hiyo usipokee jina bila kipimo. Uanze kwenye chanzo, uifuate njia yote ya kwenda na ya kurudi, uulize mambo yakiwa katika uzito wake, na ujumlishe uone kama hesabu inatimia. Hesabu isipotimia, kuna jambo bado limefichwa, na haki yako ya kulaumu haijazaliwa.

Fikiri ingekuwaje kama ushauri wa kwanza ungefuatwa. Betri mpya ingenunuliwa, na stata mpya ingefungwa, na ile bolti ingebaki imekaa juu ya rangi yake. Trekta lingeguna vilevile. Kosa lingebaki shambani, na kijana asiye na kosa angekuwa barabarani na kifurushi chake, akitafuta kazi kwa watu waliokwisha kusikia kwamba ni mwizi. Kijana huyo alikaa kwa shangazi msimu mmoja zaidi, kisha akaondoka kwa hiari yake kwenda kujifunza ufundi wa magari Nakuru. Aliondoka na mshahara wake kamili, na barua ya sifa iliyoandikwa kwa mkono wa shangazi, na lile daftari.